Genge Si Mteremko

Ofisini tulimwita Kamusi. Kwa miaka kumi na tisa alikaa meza ya dirishani, kiti chake kimefungwa mguu kwa waya, akifasiri kwa Kiswahili ripoti za wapima ardhi. Ukimwuliza neno moja alikupa darasa zima. Alinichosha, ila sikuwahi kumkuta amekosea.

Jumatatu ililetwa ripoti ya machimbo ya mawe, alikofanya kazi mume wa dada yake Kamusi. Mpimaji alikuwa ameandika kwamba upande wa mashariki ni "cliff" yenye nyufa. Bosi alitujia na rasimu ya Kamusi mkononi.

"Umeandika genge. Weka mteremko."

"Mteremko mtu anaushuka kwa miguu, bosi, hata mtoto. Genge ni jiwe lililosimama kama ukuta. Likimeguka, wa chini hana pa kukimbilia."

"Sheria hairuhusu kazi chini ya genge. Machimbo yatafungwa. Na meza hiyo wanaoitaka ni wengi."

Kamusi alinitazama. Nikainamia faili zangu. Mkono usioweza kuukata, ubusu, nikajiambia. Woga tu, hakuna hekima hapo. Kamusi akaandika mteremko.

Jumatano hakugusa chai. Mwishowe alipiga simu, na kwa kuwa meza zetu zimegusana, nilisikia yote.

"Shemeji, usiende upande wa mashariki."

"Kwa nini tena? Karatasi yenu imebandikwa getini, inasema mteremko. Wenzangu walikuwa wanaogopa, nikawaambia imepita kwa shemeji yangu, tulieni."

Bosi alikuwa mlangoni, ameshika kikombe chake. Kamusi alimwona, akashusha sauti.

"Basi uwe mwangalifu," akasema, akakata simu.

Ijumaa mchana jiwe lilimeguka. Walifukiwa wanne, shemeji yake akiwa mmoja wao. Hakutoka mtu hai.

Jumatatu iliyofuata dada mtu alikuja ofisini, miguu imejaa vumbi jeupe la machimbo. Aliiweka ile karatasi ya getini mezani.

"Kaka, nisomee. Wenzake waliobaki wanasema aliwatuliza kwa hii."

Kamusi hakuisoma. Alichukua kalamu, akafuta mteremko, akaandika genge juu yake.

Dada yake hakujua kusoma, lakini alijua kufuta ni nini.

"Leo, kaka?" akauliza. "Leo ndiyo unarekebisha?"