Nataka Mizani Iwaonyeshe Bado Niko na Mafuta

Salamu kwenu wa ukurasa huu, na mama zenu, na watoto wenu, na yule anayefungua barua. Hapa Malaba mama mkwe ni mzima, ila kifua tu. Msichana wangu wa darasa la nane anawasalimu. Mzee wangu ni dereva wa lori, yuko njia ya Kigali, angekuwepo angewasalimu pia. Mimi ndio sijui kama ni mzima.

Niko na miaka arobaini na moja. Nauza chapati na maharagwe pale malori yanangoja forodha. Nilikuwa mnene mpaka kiti kinalia. Daktari akaniambia, "Mama, presha iko juu. Punguza mafuta." Nikaacha vya kukaanga, nikawa natembea kwa miguu. Nikapungua, presha ikashuka.

Lakini hapa mpakani mke wa dereva akipungua, watu wanajijibu wenyewe. Rafiki yangu tuliyekuwa tunasukana nywele aliniambia, "Pole dada. Na mzee naye amepungua?" Nikacheka. Yeye hakucheka, na hajarudi. Mataniboi, wale wasaidizi wa madereva, nao wanapita wakisema, "Huyo ako na ule ugonjwa, tukule kwingine." Damu nilipima, niko sawa. Nikiwaambia wanasema kila mgonjwa husema hivyo. Kanisani benchi nzima ni yangu.

Juzi soko la Busia Mganda mmoja ameleta mizani ya betri, unapanda miguu mitupu inasoma mafuta ya mwili. Nikawaza niiweke kibandani, nipande wote wakiona, wajue mafuta bado niko nayo. Nikapanda. Ikasema mengi! Nilitaka kumkumbatia yule Mganda. Kumbe miguu ilikuwa na vumbi. Nikanawa, nikapanda tena, ikapunguza.

"Boss, mbona?"

"Maji inaichanganya, nyabo. Panda tena."

Nikapanda, ikasema ingine.

Msichana wangu akaniambia, "Mama, hao hawataki namba. Wanataka wakuone mnene."

Jana maharagwe yalibaki sufuria nzima. Nikajikaangia chapati kwa mafuta mengi, nikala, nikaongeza, na moyo unanipiga.

Nishaurini wenzangu. Ninunue mizani isiyo na neno moja, ama ninenepe tu, presha irudi, na watu nao warudi? Mganda anarudi mwisho wa mwezi. Nijibuni upesi, hata mistari miwili. Siku hizi nikisikia hodi ni mtu amepotea njia.