Kankolongo na Chaki ya Kahawia

Ukimwita Tata Kankolongo aje kuvalisha meza yako ya biyari kitambaa kipya, haulizi meza ina ukubwa gani, wala kama miguu yake imesimama sawa. Swali lake la kwanza wenye baa wote wa Kolwezi wanalijua: "Munatumikaka na kre ya rangi gani?" Ukimjibu kwamba chaki ni chaki, bora ipakwe kwenye ncha ya fimbo ili isiteleze juu ya mpira, basi umejitafutia hotuba, na soda utamnunulia wewe mwenyewe.

Atakuambia kwamba chaki ya buluu juu ya kitambaa chekundu ni sawa na mtu aliyevaa suti ya harusi na kandambili. Kila fimbo inapogonga, unga wa chaki unadondoka na kukaa pale pale, na baada ya wiki moja meza yako ina madoa kama mtoto mwenye tetekuwanga. Kitambaa cha kijani kipewe chaki ya kijani, chekundu kipewe nyekundu, cha kahawia kipewe ya kahawia. "Kre ipotee mu kitambaa!" Neno hilo halisemi bila kuinua kidole. Amelihubiri miaka ishirini na miwili, toka Dilala mpaka Tenke, hata watu wakamwita Tata Rangi, na kusema kweli jina hilo ndilo linalomlisha. Wapiga misumari wako wengi. Anayejua rangi ni mmoja.

Sasa, huyo anayejua rangi haoni rangi.

Tusimwonee, buluu anaiona, na njano pia. Lakini kijani na kahawia, kwake ni kitu kimoja, tangu alipozaliwa. Katika mji mwingine mtu angeishi na jambo hilo mpaka uzee bila kusumbuliwa. Kolwezi si mji mwingine. Hapa mtu hujua kijani kabla ya kujua kusoma, maana jiwe la kijani ndilo lenye shaba, na shaba ndiyo iliyowaleta babu zetu kutoka Kasai. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, Kankolongo alipewa kazi ya kuchambua mawe. Alichambua kwa bidii kutwa nzima, jasho likimtoka, na saa ya kupima akaleta karai lililojaa udongo mtupu, umeoshwa vizuri na kupangwa. Wenzake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yeye naye akacheka, ili waone ni utani. Kesho yake hakurudi, na keshokutwa alikuwa kwa mzee mmoja mshona viti, akijifunza kuvuta kitambaa kisikunjamane. Ufundi huo aliuweza kwelikweli, tusimnyime haki yake. Mkono wake juu ya meza ni mwepesi, na kitambaa anachokivuta yeye ukikipitishia kiganja hukuti hata kifundo.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya Kankolongo ni mke wake, Mignonne. Aliigundua mwezi wa tatu wa ndoa, siku mume alipomletea zawadi ya kilemba cha kijani kibichi, akisema kwa furaha kwamba kinafanana kabisa na viatu vyake vya kahawia. Mignonne alicheka. Kisha alimtazama usoni, akaacha kucheka, na hakumuuliza mengi. Toka siku hiyo kila boksi la chaki lililoingia nyumbani lilipita mikononi mwake kwanza, naye akalifunga uzi wenye mafundo: moja buluu, mawili kijani, matatu kahawia, manne nyekundu. Mteja akija na kipande cha kitambaa, Mignonne hupita na kiti, au na glasi ya maji, anatupa jicho. Mteja akiondoka, anasema tu, "Tatu." Kankolongo anabeba boksi la mafundo matatu, anakwenda kuhubiri. Sifa anarudi nazo peke yake, na ikiwa Mignonne ziliwahi kumuuma, hakuna aliyemsikia akilalamika.

Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, dada yake Mignonne alijifungua mapacha huko Sandoa, na mapacha kwetu si jambo la kutumiwa salamu. Mignonne alifunga mizigo, akaenda. Siku tatu baadaye Mama Mbuyu wa Fungurume akapiga simu. Mama huyu ana mkahawa mahali magari makubwa yanapolala, na humo ana meza ya biyari ambayo madereva waliipiga mpaka kitambaa kikabaki nyuzi. Kitambaa kipya alikuwa amekwisha kununua, cha kahawia.

"Kile cha zamani vumbi ilikuwa inakigeuza udongo kila siku," alisema. "Basi nikasema, tuanze na udongo moja kwa moja. Siku ya Mungu, kisha misa, batata ba korali ya kanisa banacheza na bachauffeur. Nilibaambia batu yote: fundi wa rangi anakuja."

Kankolongo alimpigia mke wake, akampata, mapacha wakilia nyuma kwa zamu. "Tatu!" akapiga kelele Mignonne, na mtandao ukakatika. Kazi ilikuwa imekwisha hapo, kama si majivuno. Mhubiri anapenda kuonyesha dhambi kabla ya kuonyesha wokovu, kwa hiyo Kankolongo alibeba na boksi la mafundo mawili, la kijani, ili awaonyeshe watu wa Fungurume chaki isiyofaa ikoje. Akayatia yote mawili ndani ya mfuko, chini kabisa, juu yake nyundo, juu ya nyundo pasi ya makaa, akapanda gari.

Jumamosi alivalisha meza, na ilipendeza. Jumapili baada ya misa mkahawa ukajaa, wanakwaya bado wamevaa tai, madereva wameegemea ukuta. Kankolongo akaingiza mkono ndani ya mfuko kutafuta mafundo matatu. Alichokitoa ni makaratasi yaliyopasuka. Barabara, nyundo na pasi vilikuwa vimefanya kazi yao, na vipande ishirini na vinne vya chaki vilikuwa vimechanganyika kama maharagwe ya mbegu mbili. Akavitazama. Vyote vilikuwa rangi moja.

Akavinusa, akavipima mkononi, kimoja akakigusa kwa ulimi, na watu wakadhani ndio ufundi wenyewe, wakanyamaza kwa heshima. Akatoka nje kumpigia Mignonne, na sauti ya mtandao ikamjibu kwa Kifaransa kilichonyooka kwamba mtu huyo hapatikani. Akarudi ndani na mbinu.

"Mama Mbuyu," akasema kwa sauti ya mwalimu, "meza ni yako. Ebu chagua kre weye mwenyewe, tuone kama ulishajifunza."

"Mi najua nini, tata? Weye njo fundi."

Akamgeukia Tata Kisimba, kiongozi wa kwaya, aliyepangiwa kuanza. "Basi weye, tata. Kamata yenye roho yako inapenda." Kisimba, mtu asiyependa kuchelewesha mambo, akachukua ya kwanza iliyomkaribia mkono, akaipaka kwenye fimbo kwa nguvu, akainama.

Kankolongo hakuitazama chaki, maana ingemwambia nini? Alizitazama nyuso. Mtu aliyeishi miaka yote ile na siri hujifunza kusoma rangi kwenye nyuso za wenzake. Akaona macho ya Mama Mbuyu yanashuka kwenye mkono wa Kisimba, yanakwenda kwenye kitambaa chake kipya, yanarudi. Midomo ikafunguka, ikafungwa.

"Tata," akasema mama yule polepole, "iyi njo yenye ulichagua?"

Angesema ndiyo, yangekwisha. Hilo alilijua vizuri. Angesema ndiyo, akainua kidole, akatunga sababu, na watu wote mle ndani wangeyakana macho yao wenyewe kwa kumheshimu fundi. Jina lake lingerudi Kolwezi salama. Lakini kitambaa kile alikivuta yeye, kwa mikono yake, na mama huyu alikuwa amekinunua akiamini.

"Ngoja, Tata Kisimba. Usipige." Akamgeukia Mama Mbuyu. "Mi siko naona iyi rangi. Vert na marron, kwangu ni kintu kimoja, tangu kuzaliwa. Bibi yangu, Mignonne, njo anachaguaka. Siku yote, ni yeye. Leo haiko."

Dereva mmoja, Kabemba, aliyekuwa karibu na mlango, akapasuka kwa kicheko. "Tata Rangi haone rangi!" Na mkahawa mzima ukamfuata. Kankolongo akasimama katikati ya kicheko kile, na karai la udongo likamjia mbele ya macho baada ya miaka yote ile. Aliona aibu, aibu kubwa. Ila safari hii hakucheka pamoja nao, na hakutoka nje.

Mama Mbuyu hakucheka. "Na ile nyekundu ya Tenke, yenye batu banasifia?"

"Ni yeye."

"Na ya Dilala?"

"Ni yeye, mama."

Wakamchambulia chaki pale pale mezani, za kijani huku na za kahawia huku, Kabemba mwenyewe akisaidia huku akijifuta machozi. Ingekuwa mwisho mzuri, ila Mama Mbuyu ana macho makali. Alichukua kipande cha kahawia, akakilaza juu ya kitambaa, akakunja uso: kilikuwa kimepauka kidogo kuliko kitambaa.

"Lakini na iyi haiko sawa. Iko clair kiloko. Ulisemaka kre ipotee mu kitambaa. Iyi haipotee."

"Labda bibi naye alikosea," akasema mtu nyuma.

Hapo ndipo Kankolongo alipoumia. Kicheko alikimeza, lakini hilo halikushuka. "Yeye hakoseake," akasema. Wakamuuliza basi sababu ni nini. Sababu zote alizowahi kuzihubiri alizitunga mwenyewe, barabarani, kati ya nyumba na baa. Za Mignonne hakuwahi kumuuliza hata moja.

"Basi umulete," akasema Mama Mbuyu. "Atuambie yeye mwenyewe."

Mignonne alirudi baada ya siku kumi, amenenepa kidogo kwa karamu za mapacha. Kankolongo alimweleza hapo hapo kituoni, kabla hajamshusha mzigo wa mihogo kichwani, maana aliogopa kwamba akifika nyumbani atapata njia ya kuchelewesha. Mignonne akautua mzigo mwenyewe, akaukalia.

"Ulibaambia?"

"Nilibaambia."

"Batu bote?"

"Na bachauffeur."

Kankolongo alikuwa tayari kwa lolote, machozi au matusi. "Na banasema nilikosea?" akauliza Mignonne, na macho yake yalikuwa makali. "Twende Fungurume."

Walikwenda Jumapili iliyofuata, na habari ilikuwa imewatangulia, kwa hiyo mkahawa ulijaa kuliko mara ya kwanza. Mignonne alikuwa amevaa pagne yake ya kanisani. Hakumwangalia mtu. Alipitisha kiganja juu ya kitambaa, akachukua chaki ya kahawia, akaisugua kwenye kidole, kisha akauliza swali ambalo mume wake, pamoja na hotuba zake zote, hakuwahi kumuuliza mtu.

"Nani anapangusaka iyi meza asubui?"

"Ni mi," akasema Mama Mbuyu.

"Njo uone, mama. Kre yenye kufanana sana na kitambaa, hakuna mutu anaiona. Na kintu chenye mutu haone, hapanguse. Inabakia mule ndani, inakula nyuzi. Mwaka moja, kitambaa kimekufa, na kwa macho kilikuwa safi. Iyi iko clair kiloko tu. Bale banacheza habaione, beko naangaria mipira. Lakini weye, asubui, mwangaza ya mulango ikiingia, utaiona, utaiondoa." Akairudisha chaki mahali pake. "Mi sichagulake bachezaji. Nachagulaka ule mwenye brosi."

Mama Mbuyu akaenda kuufungua mlango wote, akainama mpaka jicho likawa sawa na meza. Kisha akaanza kuitikia kwa kichwa, peke yake, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua.

Kankolongo alikuwa amesimama mdomo wazi. Meza zake zilizodumu, zile zilizowafanya watu wausifie mkono wake, zilidumu kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa akiwafikiria wanawake wengine wenye brashi asubuhi. Na yeye miaka yote alikuwa akisimama juu ya kazi hiyo akihubiri kinyume chake. Alitegemea aibu irudi. Haikurudi. Alichokiona moyoni ni wepesi, na furaha ambayo hakujua aiweke wapi, akajikuta anacheka kwa sauti, wa kwanza mle ndani.

"Sasa tuelewe," akasema Kabemba kutoka mlangoni. "Ku beye babili, nani njo fundi?"

Kankolongo hakuinua kidole. "Mi navuta kitambaa, napiga misumari," akasema. "Fundi njo ule."

Watu wakapiga makofi, na Kisimba akanyoosha mkono kuchukua fimbo ili mchezo uanze. Lakini Mignonne aliweka kiganja chake juu ya meza, pale pale njia ya mpira ilipopita, akamgeukia mume wake. Uso wake ulikuwa mtulivu.

"Rudilia kusema," akasema. "Bale ba ku mulango habakusikia."