Meza ya Dirishani

Kosa nitakalolifichua hapa ni la watu wazima waliowapanga watoto mezani kwa kufuata uwezo wa baba zao, kisha wakaliita kosa hilo maendeleo. Hulikumbuka kila nipitapo Igogo jioni, mapanki yanapokaangwa kando ya njia na ule moshi mzito wa mafuta ukanishika kooni. Mapanki, kwa msomaji ambaye hakukulia Mwanza, ni mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kukatwa na kusafirishwa Ulaya. Mama yangu aliyakaanga na kuyauza. Ndiyo yaliyonisomesha.

Shule yetu ya wavulana ilikuwa mbele ya Mkolani, kwenye mwinuko wa mawe ambako ziwa lilionekana kwa mbali. Wamisionari walioianzisha walitaka kuandaa mapadri wa baadaye, nasi tuliingia tungali wadogo, tukajifunza Kilatini kidogo, kulima bustani na kunyamaza. Walituachia desturi moja niliyoipenda kuliko zote: kila meza ilikuwa na mgawaji wa zamu, naye alichukua sahani ya mwisho. Ukigawa vibaya, unalala njaa. Sijapata somo la haki lililonikaa kama upawa ule.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa nchini. Maduka yakajaa, viwanda vya samaki vikasimama ufukweni, na misaada ya shule kutoka nje ikapungua. Baba Gombera, ndivyo tulivyomwita mkuu wa shule, akatafuta wafadhili. Mmoja alikuwa tajiri wa minofu, mwenye magari ya barafu, aliyetuletea jenereta. Muhula uliofuata ikawekwa meza mpya dirishani, yenye kitambaa cha plastiki chenye maua, kwa ajili ya watoto wa wafadhili. Sisi tulikula ugali na dagaa. Pale palifika wali na sangara. Meza ile haikuwa na mgawaji.

Mtoto wa tajiri yule alikuwa mpole, mwenye masikio makubwa. Tulimwita Mfadhili Mdogo. "Mfadhili Mdogo, tuwashie na mwezi basi," tulimwambia taa zilipowaka. Alicheka huku akitazama viatu vyake. Wenzake wa dirishani waliniita Mapanki, nami sikucheka.

Jumapili moja, zamu ikiwa yangu, Baba Gombera aliniagiza nipeleke kwanza bakuli la samaki dirishani, ndipo niwagawie wenzangu. Niliweka upawa mezani.

"Samahani, Baba," nilisema, maana nililelewa. "Kwetu mgawaji anakula wa mwisho. Kule dirishani nani anakula wa mwisho?"

"Peleka bakuli."

"Sipeleki, Baba."

"Basi kafunge sanduku lako. Kesho ukamsaidie mama yako kukaanga."

Dirishani wakacheka. Nilijua vizuri nilichokuwa nakipoteza: hapakuwa na shule nyingine ambayo ingempokea mtoto wa muuza mapanki. Sikuomba radhi, na hata leo siombi.

Ndipo Mfadhili Mdogo akainuka kutoka dirishani. Alikuja mezani kwetu, akachukua bakuli na upawa, akaanza kutugawia mmoja mmoja vipande vidogo kama kidole gumba. Samaki wakaisha kabla sahani yake haijafikiwa. Akajitwalia ugali mkavu.

"Mapanki, sogea," aliniambia, akaketi. Kisha akamtazama mkuu wa shule. "Baba, leo mgawaji ni mimi. Kama mgawaji anafukuzwa, mimi ndiye wa kufukuzwa."

Baba Gombera akageuka, akatoka. Hakuweza kumfukuza mtoto wa mwenye jenereta, na kwa hiyo hakuweza kunifukuza mimi. Kitambaa cha maua hatukukiona tena.

Siku ya wazazi, tajiri alisikia habari hiyo, akampiga mwanawe kofi mbele ya sanamu ya Bikira Maria, akamwondoa shuleni. Jenereta nalo likaondoka. Nakumbuka gari likishuka mlimani, mvulana ameketi nyuma, kaegemea mashine ile. Tukarudi kwenye karabai, na wapo walionung'unika kwamba ametuponza.

Kwa miaka mingi niliisimulia siku ile kama habari ya ushujaa wangu. Nilipokuwa baba mwenyewe ndipo nilipoelewa. Mimi nilimkaidi mtu ambaye ningeweza kumwacha mlimani, nikarudi kwa mama ambaye angenipakulia chakula bila kuniuliza neno. Yeye alimkaidi baba yake mwenyewe, mtu ambaye ilimbidi kula mezani pake usiku ule aliorudishwa nyumbani, na kila usiku uliofuata.

Kila jubilei tunasomewa historia ya shule: waasisi, majengo, hata jenereta lile la muda mfupi. Yeye hatajwi. Basi namtaja mimi, tena kwa jina alilobatizwa, ambalo sisi wenye midomo mirefu hatukulitumia hata mara moja. Aliitwa Evodius Kashinje.