Bibi na Msitu Uliofagiwa

Usiku ule nililala mapema, kwa sababu asubuhi nilitakiwa kuongoza uchomaji wa majani makavu katika msitu wa kijiji. Wazo lilikuwa langu. Niliacha shule darasa la sita, nikazunguka mikoa mingi, na kwa misimu mitatu nilifanya kibarua kwenye mashamba ya misonobari huko kusini, ambako miti hupogolewa na chini kunafagiwa hadi udongo unaonekana. Niliporudi nyumbani niliiambia kamati ya msitu kwamba miyombo yetu, miti ya asili ya huku, ni michafu. Majani yakiondolewa, uyoga utaonekana kwa urahisi. Wakaniamini, maana nimetembea.

Upande wa magharibi tuliufagia na kuuchoma mwaka juzi. Misimu miwili ya mvua imepita tangu hapo, na wanawake walioenda upande huo walirudi na matenga matupu. Nikasema kosa ni la mvua. Sasa ulibaki upande wa mashariki. Shangazi yangu Tausi, ninayeishi kwake, anategemea uyoga wa huko kwa mboga na kwa kuuza kando ya barabara, na wenzake vilevile.

Nikaota niko tena kwenye misonobari. Ni mchana, na hakuna ndege anayelia. Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa juu ya kisiki, kitenge kimefungwa kifuani, miguu mitupu. Alifariki miaka sita iliyopita na hakuwahi kufika kusini. Sikushangaa kumwona.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Hawa wamepanga foleni wanangoja nini? Mahindi ya msaada?"

Alikuwa anaisema miti. Nikacheka, nikamwambia kwamba huku nako huota uyoga, wa kahawia, unaoteleza mkononi.

"Huo ni wa miti hii," akasema. "Mimi nauulizia wetu."

Akainuka, nami nikamfuata kati ya mistari. Mistari ikapinda, ikaachana, na sasa tunatembea kwenye miyombo ya nyumbani, upande wa mashariki, majani yakifika kwenye vifundo vya miguu. Mvua imenyesha. Bibi ana tenga lake la mianzi. Anauchuma uyoga kwa kuuzungusha shina taratibu, na kila anapochuma anarudisha majani juu ya lile shimo, kama mtu anayemfunika mtoto. Ule uliokwisha kufunguka kabisa hauchumi. Anaupita.

"Huu mbona mkubwa?" nauliza.

"Mkubwa ana kazi. Mwache azae."

Anapiga goti, anafukua kwa kidole chini ya mti. Kati ya majani yaliyooza na mzizi kuna nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko za buibui, zimeuvika mzizi na kuyashika majani. Nainama. Nimetembea msitu huu tangu utotoni na sijawahi kuziona. Nataka kuuliza zinafika wapi, mti unapata nini, uyoga unapata nini, lakini Bibi ameshasogea.

Tuko upande wa magharibi. Sikuona tukivuka. Ardhi ni nyeupe na ngumu kama uwanja wa shule, jua linaipiga moja kwa moja, na kwenye magome kuna masizi yanayofika juu ya kichwa changu. Bibi anafukua tena. Kidole hakiingii. Anatafuta jiwe, anagonga, anautoa mzizi. Uko mtupu.

"Nani kafagia?" anauliza, ingawa anajua.

"Mimi, Bibi. Nilitaka uyoga uonekane."

Anaugeuza ule mzizi kiganjani. Hajakasirika. Ningependa akasirike.

"Umekiondoa chakula, unashangaa wageni hawaji."

Ananipa tenga. Ni tupu, ila ni zito kiasi kwamba nalibeba kwa mikono miwili.

"Mimi nilishakula wa kunitosha," anasema. "Huo wa kesho ni wa Tausi. Kamwambie kila mtu."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Shangazi Tausi alikuwa uani anakoroga uji. Nikamsalimia, nikamsimulia yote: nyuzi, masizi, mzizi mtupu, na ujumbe wa mama yake. Hakuacha kukoroga.

"Kwa hiyo marehemu ametoka huko alikolala kuja kukwambia nilichokwambia mwaka juzi," akasema. "Mimi ukaniuliza nimesomea wapi."

Nje watu walishaanza kukusanyika na mafagio na viberiti, wakiniita. Nikatoka. Niliwaambia warudi nyumbani, kwamba msitu haukuwa mchafu hata siku moja, na kwamba aliyekosea ni mimi. Walinung'unika. Mwenyekiti wa kamati alitaka kujua hayo nimeambiwa na nani.

Nikageuka, nikamwonyesha kwa kidole shangazi, aliyekuwa amenifuata hadi mlangoni na mwiko mkononi.