Shati la Nibizi Lenye Harufu ya Sabuni

Nibizi wa Ulyankulu hakuwa mtu wa maneno. Kwenye bani, pale anapokaushia tumbaku kwa moto, aliweza kushinda akichochea kuni bila kufungua mdomo. Hata mkewe, Advera, alimposa kwa ndoo: alimpelekea maji nyumbani kwao, akaitua mlangoni, akaenda zake. Mwenye maneno matamu siku zile alikuwa jirani yao Valentino, lakini Advera alimkataa. Sababu yake Nibizi hakuijua. Hakuthubutu kuuliza, aliogopa jibu.

Miaka baadaye akaja Elieth, binti wa chuo kikuu, akisema anachunguza mapenzi kisayansi.

"Utayapima kwa mzani wa tumbaku, binti?" Valentino akauliza. Watu waliokusanyika ukumbi wa parokia wakacheka.

"Kwa pua, baba," Elieth akajibu.

Akaeleza jaribio lake: kila mume avae shati moja siku kadhaa bila kulifua, kisha mkewe afungwe macho na kulitafuta kwa kunusa.

Nibizi akavaa lake banini. Asubuhi ya kulipeleka akaona aibu. Ampe mtoto wa watu nguo yenye jasho na moshi? Akalifua, akalipiga pasi ya mkaa, akalikunja vizuri.

Alipoliona ukumbini limelala kando ya shati la Valentino, akajuta kulifua. Sasa Advera atamtambuaje? Na akichagua la Valentino mbele ya watu wote?

Advera, kitambaa machoni, akanusa moja baada ya jingine. Kwenye la Valentino akakawia. Nibizi akainamisha kichwa.

"Mume wangu hayumo humu," Advera akasema.

"Pole, Nibizi, umeshafutwa!" Valentino akapiga kelele, na watu wakaangua kicheko.

"Yumo, mama," Elieth akasema kwa upole. "Jaribu tena."

Advera akayarudia yote, polepole. "Hayumo, mwanangu. Kama shati lake liko hapa, basi yeye mmemtoa."

Nibizi akajikuta amesimama. "Nililifua," akasema.

Elieth akaweka kalamu chini. "Ulijuaje, mama?"

"Sikujua kitu. Nimemtafuta, nimemkosa."

"Na hili nitalipima kwa kipimo gani?" Elieth akauliza, akiwatazama watu kweli kweli, kana kwamba mmoja wao angeweza kumjibu.

Njiani kurudi nyumbani, Nibizi akakohoa. "Advera. Kwa nini ulimkataa Valentino?"

"Leo ndiyo unauliza?" Akacheka. "Yule alinisemesha mpaka nikachoka. Wewe ulitua ndoo ukaondoka, nikabaki nakutafuta."

Nibizi akasimama katikati ya njia, shati mkononi, akimtazama mwanamke huyu kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Twende," Advera akasema. "Moto wa bani utazimika."