Nyumba Kuukuu ya Ngara na Banda la Kuku

Nyumba tuliyopanga Ngara ilikuwa ya mabati, imekaa juu ya nguzo za mbao tangu enzi za kujengwa reli. Mtaa mzima hapakuwa na jengo la kuipita umri. Mimi nilikuwa na chumba cha mbele, nashona sare za shule, na wateja wangu wote walinijua pale. Mwenye nyumba alipotangaza ataibomoa ajenge ghorofa, nilianza kuhesabu wateja nitakaowapoteza.

Ndipo wakubwa wa serikali wa mambo ya kale wakasema wanatafuta majengo ya kwanza ya mji. Litakalochaguliwa haliguswi. Wangekuja Jumatatu kutazama letu.

Mwenyekiti wa wapangaji, mzee wa kanisa aliyetoka magharibi ya nchi, akaitisha mkutano. "Wageni wanakuja, na nyumba iko hivi?" Kwao mgeni hapokelewi kabla kuta hazijasiribwa. Bibi wa Kimombasa wa chumba cha nyuma akamuunga mkono. Kwao hata Ramadhani haipokelewi bila chokaa. Wawili hawa hawakuwahi kupatana hata juu ya zamu ya bomba, lakini siku hiyo walikuwa pacha.

Nikasema, "Jamani, watu wanakuja kuangalia uzee."

Mwenyekiti akanihurumia. "Mama, hata mzee huogeshwa kabla ya kutembelewa."

Basi wakang'oa mbao zilizochakaa na mabati yenye kutu, wakapigilia mapya. Nguzo wakazizungushia saruji. Rangi ya samawati ilitolewa bure na mwenye nyumba mwenyewe, na hakuna aliyejiuliza huruma hiyo imetoka wapi. Mabati na mbao za kale mwenyekiti akajengea banda la kuku wake, ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja cha kanisa.

Jumatatu wageni wakaja na kamera. Wakanywa chai, wakala chapati, kisha wakauliza, "Sasa hiyo nyumba ya zamani iko wapi?" Mwenyekiti akawaonyesha, kifua mbele. Mkubwa wao akagonga ukuta, akacheka mpaka akavua miwani.

Wakiondoka, wakaliona banda. Wakapapasa mabati, wakachunguza misumari, wakapiga picha.

Ghorofa ilipoanza kujengwa nilihamishia cherehani yangu Kawangware, ambako hakuna mtoto hata mmoja aliyevaa sare yangu. Hasira bado ninayo. Banda liliwekewa kibao cha kukataza mtu kuligusa, na kuku wa mwenyekiti wakaendelea kulala Ngara, chini ya ulinzi wa serikali.