Hodi ya Ukumbi wa Magurudumu

Juzi nilishuka basi Peckham kwenda kununua muhogo, maana unaouzwa karibu na kwangu ukiumenya unakuta mistari myeusi. Mvua ilikuwa ile ya London, hainyeshi sana wala haikatiki. Nilipokata kona nikaona uzio umezungushwa pale ulipokuwa ukumbi wa yule tuliyemwita Bwana, na nyuma ya uzio hakuna kitu. Umebaki ukuta mmoja, na juu kabisa, hewani, imeganda karatasi ya ukutani, ya maua, ya chumba chetu. Ukuta niliokuwa nikilala nimeugeukia, sasa unanyeshewa na mvua. Muhogo niliusahau.

Nililelewa na Bibi. Mama alikuwa muuguzi hospitali ya mbali, tukimwona siku zake za mapumziko. Bibi alisafisha ukumbi, na Bwana alimpa chumba cha juu tukae. "Maadamu ukumbi ni wangu, chumba ni chako," alimwambia. Tulikuwa na maneno hayo tu, na tuliyalalia kwa amani miaka mingi.

Bwana alikuwa Mwingereza mnene, mashavu mekundu, mtoto wa mitaa ya kimaskini. Ujanani alikodisha viatu vya magurudumu, akivisukuma kwenye kigari cha mtoto mchanga kutoka bustani hadi bustani. Halikupita juma hajatusimulia. Baadaye akanunua sinema iliyokwisha kufungwa, akaifanya ukumbi wa kuteleza: sakafu ya mbao, muziki, tufe la vioo likizunguka darini. Watu wakajaa. Akafungua kumbi nyingine kila upande wa mji, na huko pwani akawa anajenga bwawa lenye mawimbi ya mashine. Bibi aliposikia hayo alicheka mpaka akakaa chini.

"Mawimbi ya kupika!" alisema. "Na chumvi wataitia kwa kijiko?"

Jumamosi chumba chetu kilitetemeka. Harufu ya chipsi na siki ilipanda ngazi ikachanganyika na mchuzi wa Bibi, na vikombe vikagongana kabatini kwa ngoma za chini. Lakini ninaoukumbuka zaidi ni ukumbi wa asubuhi, ukiwa mtupu. Sakafu ile ilikuwa na sauti yake. Mbao zilipoanza kupoa zililia moja baada ya nyingine, kwa kuzunguka, ukadhani kuna mtu mmoja anateleza taratibu kando ya ukuta. Ukimtafuta kwa macho humwoni. Sauti inakupita, inakwenda kona ya mbali, halafu inarudi.

"Usiogope," Bibi alisema. "Watu wakifurahi mahali hawaondoki wote."

Ndiyo maana hatukuingia bila kupiga hodi. Hiyo ilikuwa kazi yangu, mimi niliyekuwa na haya hata ya kumwambia mwalimu jina langu. Nilisimama mlangoni, mbele yangu giza lenye harufu ya nta na jasho la jana, nikasema hodi, na tena, na tena. Bibi, nyuma yangu na ndoo yake, akaitikia, "Karibu." Hapo tukaingia. Siku zote karibu ilitoka mgongoni kwangu.

Bwana alitukuta hivyo siku moja akacheka sana. Ndani hamna mtu, mnambishia nani hodi? Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, kwa sauti ya mbu.

"Mwambie," Bibi alisema, "Unguja, wakati wa mapinduzi, walikuja watu nyumbani kwangu. Mlango ulikuwa wazi, chai iko mezani. Wangepiga hodi ningewakaribisha. Waliingia tu. Tangu siku ile nyumba haikuwa yangu tena. Mwambie, nyumba isiyopigiwa hodi haikai na mwenyewe."

Nikamwambia. Bwana akavua kofia. Kesho yake nikamsikia mlangoni, na lafudhi yake ya London: "Oudii!" Bibi, huku anakamua tambara, akaitikia bila kugeuka. Bwana akawa anafanya hivyo kila asubuhi, akaja kupenda.

Sijui hasa ilianza lini kuharibika. Watoto wa skuli yetu walianza kubaki nyumbani na michezo ya televisheni. Bwawa la pwani likapasuka kabla halijazinduliwa. Kumbi zake zikawa zinafungwa, na kila ulipofungwa mmoja taa zilipungua katika wetu, kama vile umeme wao ulitoka kwenye waya mmoja. Mwishowe tufe la vioo halikuwashwa. Lakini lilizunguka. Nimelitazama mara nyingi, milango imefungwa, hakuna upepo, na lenyewe linageuka kidogo kidogo kama mtu anayetafuta alikoitwa.

Bibi alianza tu kukunja nguo zetu na kuziweka karibu na begi.

Alasiri moja ya baridi, saa za kutoka skuli na nje kumeshaingia kiza, Bibi alinituma chini nikalete ndoo. Alikuwa anachoma mkate wa kumimina, hawezi kuuacha. Nilifika mlangoni peke yangu. Nikasema hodi, kwa mazoea, nikijua hakuna aliye nyuma yangu wa kuitikia.

"Karibu."

Ilitoka mbele, ndani ya giza.

Nikasikia magurudumu, safari hii ya kweli, yakija polepole kwenye mbao, yakasimama kabla ya mwanga wa mlango. Nikaona ncha za viatu, halafu koti, halafu mashavu yale, yamelegea.

"Ni mimi tu, mtoto," Bwana alisema. "Nyumba yangu wameichukua jana. Nalala hapa. Mwambie bibi yako kwamba leo mgeni ni mimi."

Nilipanda ngazi mbio. Bibi alinisikiliza, akakata mkate, akamimina chai ya tangawizi kwenye chupa, tukateremka. Bwana alikula ameketi katikati ya sakafu, miguu mbele kama mtoto. Alisema asubuhi madalali wa mahakama watakuja, watafunga ukumbi na vyote vilivyo juu yake. Alisema kwa kuinamia kikombe.

"Muulize," Bibi akanambia, "watapiga hodi?"

Bwana akaanza kufunga kamba za viatu vyake upya.

Asubuhi walikuja madalali watatu. Sisi tulikuwa kwenye ngazi na begi letu. Bwana alisimama mlangoni juu ya magurudumu yake, mrefu kuliko wote, akawaambia hakuna anayeingia humu bila kusema neno lake.

"Neno gani, mzee? Acha mchezo, tuna kazi."

"Hodi."

Wawili walicheka. Mmoja akamwuliza mwenzake kama ameleta daktari wa wazimu. Yule kijana wao hakucheka. Alitazama ukumbi ule wa giza nyuma ya Bwana, na nadhani naye aliisikia sakafu, maana alivua kofia. Akasema, "Hodi." Kwa adabu kabisa.

"Karibu, mwanangu," Bibi akaitikia kutoka ngazini, akateremka na birika.

Walikunywa chai wamesimama. Yule kijana alimaliza, akamtazama Bibi, akatazama begi. Akawaambia wenzake wao leo wameagizwa ukumbi. Habari za juu haziwahusu, waje wengine. Wenzake wakanyanyua mabega. Bwana akavua viatu vyake, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akatoka kwa soksi. Hakuangalia nyuma. Minyororo ikafungwa kwa nje kwenye mlango wa ukumbi, mlango wetu wa ngazi ukaachwa.

Hao wengine hawakufika mpaka masika, na hapo kaunsili, serikali ya mtaa, ilikwisha kutupatia nyumba. Majira yale yote ya baridi tulilala juu ya ukumbi uliofungwa, usio na umeme, na chini yetu mtu mmoja alizunguka taratibu kando ya ukuta. Siku ya kuhama Bibi alinishika mkono tukasimama mbele ya minyororo. Nikapiga hodi. Nilimwangalia Bibi usoni. Midomo yake haikutikisika. Na karibu ikatoka ndani, kwa lafudhi ya London.

"Tusiingie," Bibi alisema. "Tumekaribishwa, yatosha."

Baadaye jirani aliyekuwa akiuza ndizi alituambia Bwana alifariki huko pwani, katika majira yale yale ya baridi. Sikumwuliza siku.

Bibi naye hayupo sasa. Juzi nilisimama kwenye uzio, mvua inaingia shingoni, nikaangalia maua yetu hewani. Fundi mmoja alinipita na toroli, nikasubiri afike mbali, kwa haya zangu zilezile. Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Mbele palikuwa na shimo lenye maji. Nikapiga ya tatu, nikasikiliza, na sikuwa nasikiliza mbele. Nilikuwa nasikiliza mgongoni.